Mapumziko ya Mlimani na Moto wa Mwenyeji

Mapumziko ya mlimani ni siku chache ambapo mtu huacha kazi zake, akapanda mahali penye hewa baridi na kimya, akalala katika kibanda kilichotengwa kwa wageni. Huko Lurujo, na katika ukanda wote wa Arua na Koboko, Nile Magharibi ya Uganda, safari ya namna hii huzua swali la kidini kabla ya swali la fedha. Je, binadamu hupumzika kwa kuwakimbia watu, au kwa kukaa nao bila ugomvi? Nchi hii ina milima miwili ambayo haiwezi kutajwa bila swali hilo kufuata: Wati, ambao Walugbara, wenyeji wa ukanda huu, huuita pia Eti, ulioko Terego, na Liru, ulioko upande wa Koboko.

Katika masimulizi ya Walugbara, milima hiyo ni makaburi. Jaki na Dribidu, mashujaa wawili waliokuja kutoka mbali, ndio waliozaa waanzilishi wa koo. Jaki alifia Liru, Dribidu alifia Eti. Dribidu asili yake ilikuwa ng'ambo ya mashariki ya Nile, na husemwa kwamba mwili wake ulifunikwa na nywele ndefu na kwamba alifukuzwa kwao baada ya kugunduliwa kuwa anawala watoto wake. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara karibu na mwaka 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1960, aliandika pia simulizi ya jinsi mashujaa hao walivyofika. Walikuwa wageni wasio na moto. Walipewa moto na mwanamke mwenye ukoma. Wakamponya, wakazaa naye, na ndugu zake wakapigana nao hadi mahari ikalipwa. Simulizi hii inastahili kusomwa polepole na yeyote anayewazia kulala juu ya milima hiyo. Mwanzo wa jamii nzima umewekwa katika tendo la mgeni kuomba moto kwa mtu aliyetengwa na wenzake, kisha katika deni ambalo mgeni huyo alilazimika kulilipa.

Fikra ya Walugbara iliigawa nchi sehemu mbili: nyumbani na nje. Nyumbani ni boma la ukoo, lenye nyumba, maghala, zizi na wazee. Hapo palikuwa na vinyumba vidogo vya mawe vilivyowekwa karibu na ghala, vilivyoitwa orijo, yaani nyumba za mizimu. Wahenga hawakupelekwa mlimani wala msituni. Waliwekwa palipopikwa chakula, wapate kusikia yanayosemwa na walio hai. Mtoto akiugua, wazee walitafuta kwanza ni nani aliyegombana na nani, ni neno gani lilisemwa kwa hasira, ni mzee gani aliyedharauliwa hadi akawalalamikia wahenga. Kwa mtazamo huo uchovu mkubwa wa binadamu hautoki kwenye jembe. Unatoka kwenye uhusiano uliovunjika, na dawa yake ni kikao, sadaka, na nyama inayogawanywa ili waliogombana wale pamoja.

Nje, kwa upande mwingine, kulikuwa na Adro. Walugbara walimjua Mungu kwa sura mbili. Adroa yuko juu, mwema, muumba, mbali mno na shughuli za kila siku. Adro yuko karibu na ardhi, katika vijito, miamba, miti mikubwa na milima. Alielezwa kuwa mweupe, mrefu, mwenye nusu mwili: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, na mguu mmoja anaorukia. Mtu akimwona, hufa. Maelezo haya hayapaswi kuchukuliwa kama hadithi ya kutishia watoto. Yanaeleza jambo zito: mtu aliye peke yake nje ya watu ni nusu mtu, na uungu anaokutana nao huko una sura ya upungufu wake.

Kwa hiyo upweke wa mlimani haukuwa starehe. Aliyekwenda porini peke yake na kukaa huko alikuwa ama mchawi, ama mtu aliyeshikwa. Waaguzi wengi walikuwa wanawake ambao katika usichana wao walichukuliwa na nguvu ya Adro, wakatangatanga porini, kisha wakarudi. Neno la maana hapo ni kurudi. Aliyebaki nje hakuwa na faida kwa yeyote, wala kwake mwenyewe. Aliyerudi alijengewa mahali pake nyumbani, na watu wakaja kumwuliza habari za magonjwa yao. Utulivu wa porini, kama ulikuwapo, ulipata thamani ulipoletwa uani.

Historia ya kazi iliipa fikra hii uzito mpya. Wilaya ya Nile Magharibi iliingizwa Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Wabelgiji na kisha serikali ya Sudan. Katika miongo iliyofuata vijana wake wengi walikwenda kusini kuajiriwa, hasa katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. Kwa mkata miwa, likizo ilikuwa na maana moja tu: kwenda nyumbani. Alitumia mapumziko yake kutengeneza paa la mama, kulipa sehemu ya mahari, kumzika aliyekufa asipokuwapo, kukaa na wazee waliosahau sura yake. Ukilinganisha na mtu anayelipa fedha ili kwa siku tano asijulikane na yeyote, utaona dhana mbili za pumziko zinazotazamana kila moja kutoka ng'ambo yake. Ya kwanza humrudisha mtu kwenye madeni yake. Ya pili humtenga nayo kwa muda.

Dhana ya pili ina historia yake pia, na ni vyema kuitendea haki. Mwaka 1845 Henry David Thoreau alijenga kibanda kando ya bwawa la Walden, katika jimbo la Massachusetts, akaishi humo kwa miaka miwili na miezi miwili ili ajue ni vitu gani vichache ambavyo maisha yanavihitaji kweli. Hilo ni swali la kiungwana, na kila mtu aliyechoka na kelele za mji analielewa. Ila kibanda kile kilikuwa katika ardhi ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, na mji wa Concord, alikoishi mama yake, ulifikika kwa miguu. Hata upweke wake ulikuwa na mwenyeji.

Vibanda vya milimani Afrika Mashariki vilianza kwa namna nyingine. Kwenye njia ya Marangu, Kilimanjaro, wakati wa Wajerumani kibanda cha kwanza kiliitwa Bismarck na cha pili Peters, jina la yule Carl Peters aliyekumbukwa na Waafrika kwa ukatili wake. Leo vinaitwa Mandara na Horombo, majina ya Mangi, yaani watawala, wawili wa Wachagga. Badiliko hilo si dogo. Anayelala Horombo analala chini ya jina la mwenyeji. Ruwenzori, ambayo tangu mwaka 1994 imo katika orodha ya urithi wa dunia, ina vibanda kwenye njia za kupandia kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Lakini kwa Wakonzo, wenyeji wa safu hiyo, theluji ya vilele vyake ni makao ya mungu wao Kitasamba, na mlima haukuwa mtupu uliosubiri wapandaji. Wati na Liru ni milima midogo mbele ya hiyo, wala haina theluji. Uzito wake unatoka kwa waliolala humo.

Walugbara wengi leo, pamoja na majirani zao Wakakwa, ni Wakristo au Waislamu. Wamisheni wa African Inland Mission walianza kazi Arua mwaka 1918, na Uislamu una mizizi mirefu Aringa, Koboko na kwa Wanubi wa Arua mjini. Dini zote mbili zinaheshimu mlima, na zote mbili zinauwekea mpaka. Katika Injili ya Marko, mitume waliporudi wamechoka, Yesu aliwaambia waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Mpango ulikuwa mzuri, chombo kikapatikana, safari ikaanza. Umati ukakimbia kwa miguu ukawatangulia. Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia, akawafundisha, wakalishwa. Baada ya kuwaaga ndipo alipopanda mlimani kusali. Pumziko lile liliahirishwa kwa sababu ya watu, lakini halikufutwa.

Katika Uislamu, Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira, kwenye mlima ulio karibu na Makka. Akiishiwa na masurufu alirudi kwa Khadija kuchukua mengine. Baada ya wahyi wa kwanza alishuka akitetemeka, na aliyemtuliza alikuwa mke wake, nyumbani. Kujitenga kunakosuniwa kwa Waislamu, yaani itikafu ya siku kumi za mwisho za Ramadhani, hufanyika msikitini, katikati ya mtaa. Na imepokewa katika hadithi kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika nao. Kwa hiyo mzee wa Kilugbara aliyeweka nyumba za mizimu karibu na ghala, na imamu wa Koboko anayeifundisha hadithi hiyo, hawako mbali sana katika jambo hili, ingawa katika mengine mengi wasingekubaliana kamwe.

Sheria ya Sabato inaongeza hoja ambayo wapangaji wa likizo huiruka. Amri katika Kitabu cha Kutoka haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inawataja mtoto, mtumwa wa kiume na wa kike, mnyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Pumziko linalomchosha mwingine halijatimiza amri. Kila usiku mtulivu kibandani una mtu aliyebeba maji kupanda mlima, aliyechanja kuni, aliyeamka kabla ya jua kupika chai. Mara nyingi ni mwanamke, na yeye ana kisima chake cha kwenda, shamba lake na watoto wake. Kumlipa ni wajibu, na bado kuna kitu kinabaki: yeye atapumzika lini, na nani atambebea maji siku hiyo? Mpango wa likizo usio na jibu kwa swali hilo una kasoro ya kimaadili, hata uwe na paa zuri kiasi gani.

Wapo pia wanaolala mbali na nyumbani bila kuchagua. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakaishi miaka katika vibanda vya majani. Leo, katika makazi ya wakimbizi ya Lobule wilayani Koboko, wanaolala hivyo ni Wakongo walioikimbia nchi yao. Kwa watu wa namna hii kibanda kilicho mbali na ndugu ndicho kisichowapa usingizi. Mtalii anayesifu maisha ya kibandani mbele yao apime maneno yake.

Kupanga mapumziko hayo, basi, kunafuata mambo yaliyotangulia. Majira ni ya kwanza. Nile Magharibi mvua huwa nyingi zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Kiangazi kikali hushika kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, na wakati huo majani hukauka na moto wa porini hupita upesi. Mgeni hutamani siku kavu, mwenyeji huitamani mvua. Wakakwa walikuwa na wakuu wa mvua, watu walioheshimiwa na kuogopwa, maana njaa ya ukoo ilikuwa mikononi mwao. Kumlalamikia mwenyeji kwamba mvua imeharibu likizo, wakati mtama wake ulikuwa unanyauka, ni utovu wa adabu, na kwa fikra ya zamani ni karibu na laana.

La pili ni ruhusa. Mwenyekiti wa kijiji ataarifiwa kwa sababu ya usalama, lakini ardhi ya mlima ina koo zake, na koo zina wazee wanaojua mahali pasipokanyagwa, mti usiokatwa, jiwe lisilokaliwa. Habari hizi hazimo kwenye ramani. Idadi ya wasafiri nayo ina maana: wawili au watatu wanaeleweka upesi, ilhali mtu mmoja anayetaka kulala juu peke yake ataulizwa, kwa haki, ana nini moyoni. Kama anataka kusali, aseme. Wakristo na Waislamu wa huko wanaijua sala ya faragha, na wazee wanajua kwamba huenda mtu akaitwa nje, mradi arudi.

Kibanda chenyewe ndicho chepesi kuliko yote. Udongo, miti na nyasi vinatosha, na mafundi wake wapo katika kila boma.

Anayetaka kupumzika juu ya Liru au Wati asianzie kileleni. Aanzie kwenye boma lililo chini ya mlima: abishe hodi, akae anapoonyeshwa, aeleze alikotoka, watu wake ni nani na atakaa siku ngapi; ale atakachopewa; na jioni, kabla ya kupanda, aombe hapo moto wa kuwashia kuni zake.