Kusali Moyo Ukiwa Mkavu: Je, ni Unafiki?

Liko swali ambalo wake kwa waume huliuliza kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya Misa, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Nyumbani Rozari husaliwa kila jioni. Watoto wamepiga magoti, mama anaongoza, lakini moyoni mwake hakuna kitu. Maneno yanamtoka kama mtu anayehesabu punje za maharagwe. Je, huyo hamdanganyi Mungu? Hawadanganyi watoto? Si afadhali aache kabisa mpaka moyo urudi?

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa neno moja la "vumilia".

Mtakatifu Teresa wa Avila alipambana nalo. Aliingia utawani huko Hispania mwaka 1535, na miaka michache baadaye akaacha sala ya moyoni kwa mwaka mzima na zaidi. Hakuiacha kwa uvivu. Aliona kwamba mwenye makosa kama yake hastahili kuzungumza na Mungu kama rafiki, akadhani huo ndio unyenyekevu. Baba yake mzazi, ambaye Teresa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusali namna hiyo, alipomtembelea aliambiwa kwamba binti hasali tena, na ugonjwa ukatolewa kuwa sababu. Mzee alifariki mwaka 1543. Teresa akamwendea padre Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa baba yake, na padre akamshauri arudi kwenye sala. Akarudi. Lakini msidhani utamu nao ulirudi! Katika kitabu cha maisha yake akiri kwamba kwa miaka kadhaa mara nyingi alitamani tu muda wa sala uishe, akitega sikio asikie saa ikigonga. Na huyo ndiye ambaye Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970.

Mnafiki hujionyesha jinsi asivyo ili apate sifa. Mama anayepiga magoti akiwa hoi, bila raha yoyote, anapata sifa gani? Wenye ndoa walielewe jambo hili kuliko watu wote, kwa maana altareni hawakuahidi kujisikia vizuri, waliahidi uaminifu. Baba anayeamka saa nane za usiku kumbeba mtoto mwenye homa hadi zahanati hajiulizi kwanza kama anahisi upendo, na hakuna jirani atakayemwita mnafiki.

Hata hivyo, asitokee mtu wa kuyageuza maneno haya ili kumfunga mke anayepigwa. Kudumu katika sala ni jambo moja, kudumu chini ya fimbo ni jambo jingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha vikali mwilini au rohoni. Watu wa jumuiya wanaomrudisha mama kama huyo nyumbani kwa kumwambia abebe msalaba wake wanamkosea.

Tukirudi kwenye ile Rozari ya jioni, ikiwa kuna uongo, hauko katika ukavu. Uko katika kuuficha, kama ule ugonjwa aliosingizia Teresa mbele ya baba yake. Mama, mwambie mwenzako wazi: "Baba Maria, siku hizi nasali kwa shida. Leo ongoza wewe." Naye baba akishaambiwa hivyo asianze kumhubiria. Aishike rozari aongoze, hata kama ni fumbo moja tu, kisha watoto wakalale.