Dadu, Hesabu na Kura: Nani Huamua katika Mchezo wa Kuigiza Mezani

Mchezo wa kuigiza mezani huchezwa kwa maneno. Watu wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akibeba mhusika mmoja wa hadithi. Mmoja wao, msimamizi, huieleza dunia wanamopita na kusema kwa niaba ya kila kiumbe asiyebebwa na mchezaji. Kwa kawaida hakuna mshindi. Mchezaji hutamka mhusika wake anafanya nini, na hapo ndipo kanuni zinapohitajika, kwa kuwa lazima ijulikane kama jambo hilo limefaulu au limeshindikana. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Tangu hapo mifumo mingi ya kanuni imeandikwa, na tofauti kubwa kati yake imo katika swali moja: ni nini kinachotoa uamuzi, bahati, hesabu au mtu?

Swali hilo ni la ufundi, na ni la dini vilevile. Huko Marekani katika miaka ya 1980 Wakristo wengi waliushutumu mchezo huu kwa sababu ya mashetani na wachawi waliochorwa vitabuni mwake. Kanuni zenyewe hawakuzigusa sana. Mafakihi wa Kiislamu walipoijadili michezo ya zamani walianzia mahali pengine kabisa. Walitazama jinsi mchezo unavyoamua. Mjadala wao unaihusu moja kwa moja Mbau, katika wilaya ya Mocímboa da Praia kaskazini mwa Msumbiji, kwa kuwa Waislamu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ni wa madhehebu ya Shafii, kama ndugu zao wa Ngazija, Unguja na Lamu.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliiweka michezo katika mlango wa ushahidi wa kitabu chake Minhaj, maana kadhi alihitaji kujua ni nani ambaye neno lake linakubalika. Kwa kauli aliyoiona sahihi, nardi, mchezo unaoongozwa na dadu, ni haramu hata pasipo fedha. Sataranji ni makruhu, yaani haipendezi lakini si haramu. Pande zote mbili zikiweka mali, hiyo ni kamari. Katika karne ya 16 Ibn Hajar al-Haytami, akiisherehesha Minhaj katika Tuhfa, aliendeleza kipimo cha madhehebu: mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra haukatazwi, na unaosimama juu ya kubahatisha unakatazwa. Mfano alioutoa ni wa mankala, mchezo wa kuhamisha vijiwe kutoka shimo hadi shimo kwa kuhesabu, yaani jamaa wa karibu wa bao. Kisha akaongeza sharti ambalo kwa suala hili ni la thamani kubwa. Hesabu ya mankala ikiwa inafuata kile kinachoangushwa na vijiti vya kurusha, ruhusa inaondoka.

Bao la Kiswahili linaonyesha vizuri kwa nini hesabu ilipewa heshima hiyo. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na kuzinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja, na kila kilichomo ubaoni kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Aliyefungwa hana wa kumlaumu. Kila kete aliyoipoteza ilipita mikononi mwake au mbele ya macho yake, na fundi aliyekaa pembeni anaweza kumwonyesha ni mtaji upi aliokosea.

Uangalifu huo wa mafakihi una uzito wa pekee Mbau. Tangu Oktoba 2017 watu wa wilaya hiyo wamelisikia neno haramu likitamkwa na wenye bunduki, na Mbau yenyewe ilikuwa ngome ya wapiganaji hao mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoingia Agosti 2021. Fakihi anayetenganisha hesabu na kubahatisha, penye fedha na pasipo fedha, kisha akaitaja na kauli ya asiyekubaliana naye, anatafuta sababu kabla ya kutoa hukumu. Hiyo ndiyo elimu, na inafaa kutetewa hata katika jambo dogo kama mchezo.

Kipimo hicho cha hesabu na kubahatisha kikiletwa kwenye meza ya kuigiza, mifumo inajitenga yenyewe. Tuseme jahazi limetoka Ibo kwenda Mocímboa da Praia, usiku, kusi ikivuma, na mhusika ambaye ni nahodha anataka kupita kwenye mlango wa mwamba kabla maji hayajakupwa. Katika matoleo ya sasa ya Dungeons & Dragons mchezaji hurusha dadu ya pande 20, akaongeza alama za ujuzi, na jumla ikifika kiwango alichokitaja msimamizi, jahazi limepita. Kiwango kikiwa 15, nahodha mwenye nyongeza ya 4 anahitaji 11 au zaidi, yaani nusu kwa nusu. Abiria ambaye hajawahi kushika usukani ana asilimia 30. Urahisi wake ni mkubwa: kila mtu anaielewa kanuni mara moja, na dadu inapozunguka watu wote wananyamaza. Lakini umri mzima wa baharini umempa nahodha asilimia 20 tu zaidi ya abiria. Fikra hapa inafuata mrusho, sawasawa na ile mankala ya vijiti.

GURPS, wa Steve Jackson, uliotoka 1986, unaitibu kasoro hiyo kwa dadu tatu za pande sita. Matokeo 216 yanawezekana. 18 hupatikana kwa njia moja tu, ilhali 10 na 11 zina njia 27 kila moja. Mchezaji anatakiwa apate namba isiyozidi ujuzi wake. Mwenye ujuzi wa 10 anafaulu nusu ya mara, na mwenye 14 anafaulu zaidi ya mara tisa katika kumi. Fundi anaonekana fundi. Gharama yake ni uzito wa vitabu: kumuumba mhusika mmoja kunaweza kumaliza jioni nzima ya kujumlisha na kutoa, na wapo wanaochoka kabla hadithi haijaanza. Call of Cthulhu, wa 1981, ni mwepesi zaidi, kwani ujuzi huandikwa kwa asilimia na kila mchezaji anajua amesimama wapi.

Apocalypse World, wa Vincent na Meguey Baker, wa mwaka 2010, unauuliza mrusho swali jingine. Dadu ni mbili. Jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu. 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. 6 na chini yake, msimamizi ndiye anayeamua linalofuata. Pasipo nyongeza, matokeo 15 kati ya 36 huangukia katikati. Basi jahazi limepita mwamba, lakini nahodha achague: atupe shehena baharini au auache mlingoti uvunjike. Mrusho haufungi jambo. Unamrudishia mchezaji uamuzi akiwa amebanwa, na fikra inapata kazi baada ya dadu. Udhaifu uko kwa msimamizi, anayetakiwa kubuni gharama mpya usiku kucha. Akiishiwa, gharama zinaanza kufanana na mchezo unapooza.

Mwaka 1991 Erick Wujcik alizitoa dadu kabisa. Katika Amber Diceless wachezaji hunadi uwezo wa wahusika wao mwanzoni, na baadaye msimamizi hulinganisha nani ana uwezo zaidi, akapima na hila iliyotumika, akaamua. Kwa kipimo cha Tuhfa mfumo huu unaonekana safi kuliko yote. Hata hivyo, umefungua mlango wa hatari nyingine, yaani hawaa ya mwamuzi. Msimamizi anaye rafiki mezani, anayo hadithi anayoipenda, na hakuna kitu nje yake cha kumzuia. Dadu, pamoja na aibu zake zote, haimjui mtu kwa sura.

Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu dini iliyokataza kamari imeikubali kura. Kurani inasimulia kura iliyomwangukia Nabii Yunus ndani ya jahazi, na kalamu zilizotupwa ili ajulikane nani atamlea Maryam, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri. Sura ya al-Maida, kwa upande mwingine, imeharamisha kamari na mishale ya kupigia ramli. Kitendo cha mkono kinakaribiana. Kinachotafutwa ndicho kinachotofautiana. Kamari inatafuta mali ya mwingine, ramli inatafuta ghaibu, na kura inaondoa upendeleo pale haki zinapolingana. Wala anayepiga kura haiamini bahati kuwa nguvu inayojitegemea, kwa kuwa mrusho nao umo ndani ya kadari.

Kwa mantiki hiyo, dadu ya meza ya kuigiza, isiyobeba fedha wala utabiri, inakaribiana na kura kuliko kamari, mradi iwekwe mahali pake: mwisho, baada ya ujuzi na maandalizi kuhesabiwa, na mezani pakiwa pamekubaliwa kwamba matokeo yote mawili yanastahili. Mfumo unaoitanguliza dadu mbele ya akili ni dhaifu kama mchezo, na kidini ndio ulio karibu zaidi na kile walichokikataza mafakihi. Hoja hii haiifuti hadithi ya Mtume inayoikataza nardi, iliyomo katika Sahihi Muslim. Wanaoiona dadu yenyewe kuwa ndiyo sababu ya katazo wataikataa katika kila mchezo, na kubadilisha dadu kwa namba za programu ya simu hakutawaridhisha, maana kubahatisha ni kulekule. Ndani ya Ushafii, Abu Ishak al-Marwazi alisema nardi ni makruhu tu.

Kwa wanaokataa dadu na wanaouogopa upendeleo wa msimamizi, upo mfumo wa Dread, ulioandikwa katika miaka ya 2000. Chombo chake ni Jenga, mchezo wa vipande 54 vya mbao uliozinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki na kuupa jina la Kiswahili. Kila jambo gumu linadai kipande kimoja kichomolewe kwenye mnara na kuwekwa juu. Mnara ukianguka, mhusika ametoka hadithini. Kinachoamua ni utulivu wa mkono, na hofu mezani hukua yenyewe bila msimamizi kusema neno. Kasoro zake ni nzito: nahodha na abiria huchomoa kipande kilekile, mzee anayetetemeka anaadhibiwa kwa mwili wake, na mnara unaendelea kudhoofika hata pale hadithi inapohitaji kupumzika, kwa hiyo unafaa visa vya kutisha na si vingi zaidi ya hivyo. Upo pia uamuzi ambao Dread humwachia mchezaji peke yake. Anaweza kuuangusha mnara kwa makusudi. Akifanya hivyo, alilolikusudia mhusika wake linatimia, jahazi linapita mwamba na wenzake wote ndani yake, na yeye anatoka hadithini.