Mgeni Katika Usiku wa Watu Wengine

Msafiri anayeingia usiku katika mtaa wa starehe wa mji wa kigeni hupata uhuru ambao kwao hana. Hakuna jirani wa kumsema, hakuna mjomba atakayemwona akitoka baa saa tisa usiku, na keshokutwa atakuwa ameshapanda ndege. Je, kutojulikana huko kunampunguzia wajibu wowote? Swali hili ni la kale kuliko utalii wenyewe. Itaewon, mtaa wa Seoul, Korea Kusini, unalijibu vizuri kuliko mitaa mingi, kwa kuwa pande zote za hoja zimekaa kwenye kilima kimoja.

Mtaa huo ulikua kando ya kambi ya Yongsan, iliyokuwa ya jeshi la Japani kabla ya kushikwa na Wamarekani baada ya vita kwisha mwaka 1945. Baa zake zilishamiri kwa mishahara ya askari. Mwaka 1976 Msikiti Mkuu wa Seoul ulifunguliwa kileleni, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Korea na kwa fedha za Saudi Arabia na nchi nyingine za Kiislamu. Mwaka 1997 Itaewon ikatangazwa eneo maalumu la utalii. Leo njia inayopanda msikitini ina mikahawa ya chakula halali, na mwendo mfupi chini yake muziki wa disko unatikisa kuta. Treni za chini ya ardhi husita usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, kwa hiyo wengi hukesha hapo hapo mpaka kunapokucha.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, mmoja wa wazungumzaji, Glaucon, anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Alipojua siri ya pete hiyo alimtongoza malkia, akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anadai kwamba yeyote angefanya hivyo, maana watu hutenda haki kwa kuogopa macho ya wenzao tu. Msafiri wa usiku hujiona amevaa pete hiyo. Lakini Waswahili walikwisha kusema kwamba mgeni ni kuku mweupe: asiyejulikana kwa jina ndiye anayeonekana kuliko wote. Mhudumu wa baa, dereva wa teksi na mama anayefagia mlango wake alfajiri wanamwona vizuri sana. Kinachokosekana ni mtu wa kwao wa kumshitakia, na kukosa shahidi hakubadilishi kitendo.

Sheria ya Kiislamu ililiangalia jambo hili kwa undani unaostahili kusifiwa. Msafiri amepewa nafuu: sala za rakaa nne huzipunguza ziwe mbili, na saumu ya Ramadhani anaweza kuilipa baadaye. Nafuu hiyo imetolewa kwa sababu safari ina taabu. Haramu imebaki haramu barabarani kama nyumbani. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanaongeza jambo moja zito: aliyefunga safari kwa ajili ya maasi hana haki ya nafuu hizo, lakini aliyesafiri kwa jambo la halali kisha akateleza njiani bado anazo. Kwa hiyo kinachopimwa kwanza ni nia ya kuondoka. Aliyekwenda Seoul kuona dunia, akala nyama choma na kusikiliza muziki, hayuko sawa na aliyekwenda kununua kile ambacho kwao angeona haya kukitaja.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliligusa swali hilo kwa upande wa mwenyeji katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu. Kwake, mgeni anayekuja kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui, ila hiyo ni haki ya kuzuru tu. Aliwashutumu vikali Wazungu waliozifikia nchi za mbali wakadhani kuzuru ni kuteka.

Na starehe inaweza kuteka. Tangu 1945 hadi Januari 1982 Wakorea waliishi chini ya amri ya kutotembea usiku, huku biashara ya miili ya wanawake ikistawi kuzunguka kambi za Marekani. Septemba 2022 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamua kwamba serikali yenyewe ilikuwa imeihalalisha na kuihimiza biashara hiyo, ikaagiza wanawake walioshitaki walipwe fidia. Kumkirimu mgeni kwa kumtoa mtu mwingine kafara si ukarimu hata kidogo, na mgeni anayeupokea bila kuuliza unatoka wapi ana sehemu yake katika dhuluma hiyo.

Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, umati uliojitokeza kwa sherehe za Halloween ulibanana katika kichochoro cha Itaewon chenye mteremko, upana wake mita tatu hivi pale kinapobana zaidi. Waliofariki walihesabiwa kuwa 159, wageni 26 miongoni mwao. Simu za kuomba msaada zilianza kuwafikia polisi kabla ya saa moja jioni, zaidi ya saa tatu kabla ya maafa. Wapo waliosema vijana hao walijitakia kwa kufuata anasa. Hukumu hiyo ni ya kikatili na haina msingi wowote wa dini. Furaha ya halali ya usiku ni neema, na mwenye mamlaka ana wajibu wa kuilinda kama anavyolinda soko mchana.

Mwaka 2024 bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria maalumu ya kuchunguza upya vifo hivyo, baada ya wafiwa kupigania haki kwa zaidi ya mwaka. Kichochoro hicho kipo kando ya hoteli ya Hamilton, hatua chache kutoka stesheni ya Itaewon, na kimewekwa alama za ukumbusho. Msafiri anayekwenda kustarehe huko apite hapo kwanza, asimame, awaombee waliofia pale, wenyeji na wageni wenzake.