Mkiombwa Sahihi Kabla ya Saa Kumi



Wengi wenu mnaoishi Nakuru, Gilgil, Naivasha na hata Nairobi huenda mmewahi kupokea simu au kadi ya namna hii: wewe na mwenzi wako mmechaguliwa kuja kutazama majumba mapya ya mapumziko karibu na mlima Longonot. Chakula cha mchana ni bure. Watoto watapata mahali pa kuchezea. Sharti ni moja tu: mje nyote wawili. Mkifika mnampata kijana nadhifu mwenye adabu nyingi, anawaita Mzee na Mama, anawatembeza vyumbani, anawaonyesha bwawa la kuogelea na mandhari ya mlima, kisha anawaketisha mezani penye karatasi na kalamu. Bei aliyowaandikia, asema, ni ya leo tu. Ikifika saa kumi imekwisha.

Kinachouzwa hapo si nyumba. Ni wiki. Mnalipa fedha nyingi kwa mkupuo, au kwa awamu zenye riba, ili chumba hicho kiwe chenu kwa siku saba kila mwaka, kwa miaka 20, 30 au hata zaidi. Wiki nyingine 51 ni za watu wengine, waliolipa kama ninyi. Juu ya hayo kuna ada ya matengenezo ya kila mwaka, mje msije. Wenyewe huiita taimushea. Sisi tuiite nyumba ya zamu.

Biashara hii ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, kwenye milima ya Alpi ambako watu huenda kuteleza juu ya theluji. Kisha ikavuka bahari hadi Marekani na kukomaa huko Florida, hasa jirani na mji wa Orlando, ambako bustani kubwa ya michezo ya Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971. Palipo na watoto wanaolilia kurudi kila mwaka, pana wazazi wanaoweza kuuziwa miaka thelathini ya kurudi. Kampuni ya Disney yenyewe iliingia katika biashara hiyo mwaka 1991. Mwaka 1974 tayari ilikuwa imeanzishwa kampuni ya kuwawezesha wenye zamu kubadilishana wiki zao, na ndiyo maana yule kijana wa Longonot anawaambia kwamba wiki yenu ya hapa mnaweza kuibadilisha na wiki ya Orlando. Huenda ni kweli. Tiketi za ndege za watu watano na viza zao hazimo katika bei aliyowaandikia.

Sisi hapa bustani zetu ni za namna nyingine. Longonot ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, na Hell's Gate tangu 1984, ambako familia huendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Mlima wenyewe una kimo cha mita 2,776, na mwenye magoti mazima anaweza kupanda hadi ukingoni na kuuzunguka mdomo wake, mwendo wa kama kilomita saba, akarudi nyumbani jioni. Kutoka Nairobi ni kilomita 60 hivi. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito katika hesabu: jambo mnaloweza kulifanya kwa siku moja, kwa matatu na chupa za maji, halihitaji kununuliwa kwa miaka thelathini.

Je, kununua zamu ni kosa? Hasha. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kuna mume ambaye tangu arusi amekuwa akisema, "Mwakani tutaenda, mke wangu," na mwakani huja na karo, matanga, harambee ya shangazi, ng'ombe aliyeugua. Mke amenyamaza miaka kumi na minane. Mwanamke kama huyo akiiona karatasi inayosema kwamba wiki ya pili ya Agosti ni yao, na kwamba wameshailipia, je, tumlaumu akifurahi? Yeye hanunui chumba. Ananunua kizuizi cha kumzuia mumewe asiahirishe tena. Na mapumziko ya mume na mke pamoja ni deni la kweli, ambalo wengi wetu hatulipi. Nisemavyo mimi, anayelidharau deni hilo kwa sababu eti yeye ni mtu wa kazi, na alitazame vizuri uso wa mwenzake.

Lakini hebu tupige hesabu, maana wanaopenda kupumzika pia wanapaswa kujua kuhesabu. Tuseme, kwa mfano tu, zamu inauzwa shilingi 800,000 kwa miaka 25, na ada ya mwaka ni shilingi 45,000. Muuzaji atagawanya: 800,000 kwa 25 ni 32,000, ongeza ada, mnapata 77,000. Chumba kama hicho mkikilipia wenyewe kwa shilingi 15,000 kwa usiku, siku saba ni 105,000. "Mnaona, Mzee? Mnaokoa elfu ishirini na nane kila mwaka!" Hapo ndipo vichwa huanza kutikisika.

Sasa tugeuze karatasi. Zile 800,000 zingekaa katika Sacco inayolipa faida ya asilimia 8, zingeleta 64,000 kila mwaka, na fedha zenyewe zingebaki palepale. Mkizitoa mmepoteza 64,000 hizo. Ongezeni ada ya 45,000, mnapata 109,000, zaidi ya kulipia hotelini. Tena ada haikai ilivyo. Ikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 imekuwa mara mbili, na kufikia mwaka wa 24 imekuwa mara nne: 180,000 hivi. Mtasema, hoteli nazo hupandisha bei. Naam, hupandisha. Tofauti ni kwamba mwaka ambao mtoto anaingia chuo kikuu, hoteli haiwadai kitu msipokwenda.

Hata hivyo fedha si kiini cha neno langu. Wanandoa wamepoteza fedha nyingi zaidi kwa mambo mabaya zaidi na wakaendelea kupendana. Linalonisumbua ni lile sharti la mwanzo: mje nyote wawili.

Mmejiuliza kwa nini? Mtu anayeuza kitanda au trekta hajali nani amekuja. Muuzaji wa zamu amejifunza jambo moja kuhusu ndoa, nalo amelijua vizuri kuliko wengi wetu: kwamba ngao kubwa ya mume dhidi ya maneno matamu ni kusema, "Ngoja nikamwulize mama watoto." Na ngao ya mke ni ileile, "Lazima nizungumze na mzee." Kwa ngao hiyo mashamba mengi yameokoka. Basi dawa yake ni kuwaleta wote pamoja, kuwaweka meza moja, na kutowaacha peke yao hata dakika tano. Mnakuwa pamoja bila kupata nafasi ya kushauriana.

Tazameni yanayotokea mezani. Mume anamtazama mkewe akitabasamu dirishani na kuwaza, "Anakitamani sana mahali hapa. Nikikataa mbele ya kijana huyu nitaonekana fukara, naye atajua kwamba sijafanikiwa." Mke anamtazama mumewe anayetikisa kichwa na kuwaza, "Ameshaamua. Nikimpinga mbele ya mgeni nitamwaibisha." Mume anakubali kwa ajili ya mke. Mke anakubali kwa ajili ya mume. Sahihi mbili zinatiwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeitaka zamu ile. Ukweli hujulikana miaka mitatu baadaye, ada inapochelewa: "Si wewe uliyetaka?" "Mimi? Nilikufuata wewe!"

Hapo ndipo penye swali gumu la dhamiri. Je, ndiyo mbili ambazo kila moja imesemwa kwa kuiogopa nyingine zinafanya ridhaa? Muuzaji atasema sahihi ni sahihi. Mimi nasema ndiyo hizo hazina mwenyewe. Ridhaa inamtaka mtu ajue anachokubali, awe na uhuru wa kukataa, na katika ndoa awe na uhuru wa kukataa mbele ya mwenzake bila kupoteza heshima yake. Kumpenda mwenzako hakukuondolei wajibu wa kumwambia unachokiona. Mke anayenyamaza ili asimwaibishe mumewe amemlinda kwa saa moja na kumwacha peke yake kwa miaka 25.

Kumbukeni mlivyofunga ndoa. Mlitaka kuahidiana maisha yote, na Kanisa halikuwaambia, "Tieni sahihi kabla ya saa kumi." Mlipewa mafundisho. Padre aliwahoji kila mmoja peke yake, tena kwa makusudi, ili kama kuna aliyesukumwa aweze kusema bila mwingine kusikia. Majina yenu yalitangazwa mbele ya watu ili mwenye kizuizi ajitokeze. Wengine mlinung'unika kwamba mambo yanachelewa. Lakini kule kuchelewa kulikuwa namna ya kuwaheshimu: ahadi ndefu inahitaji mlango mpana wa kutokea kabla haijatolewa. Anayewaomba ahadi ya miaka thelathini huku akiufunga mlango huo kwa saa ya ukutani hawaheshimu, hata akiwaita Mzee na Mama mara mia.

Kuna la pili, la muda. Mtu anaweza kuahidi kumpenda mtu mwingine katika afya na ugonjwa, kwa sababu anayeahidiwa atabadilika pamoja naye. Je, anaweza kuahidi leo kwamba akiwa na miaka 65 bado atataka kulala chini ya mlima uleule kila Agosti? Magoti yatakuwa na maoni yake. Na nchi yenyewe je? Bonde la Ufa halikutulia. Mwaka 2018 ardhi karibu na Mai Mahiu ilipasuka na kuikata barabara. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika nyumba za watu na hoteli za ufukweni. Sisemi mlima utawaangukia. Nasema waulizeni: majengo yakiharibika, nani anayajenga upya, kwa fedha za nani? Na mmoja wetu akifa, ada inamfuata nani? Ipo mikataba ambayo huendelea kuwadai warithi. Msifurahie neno "urithi" kabla hamjajua kama mnawaachia watoto chumba au deni.

Basi fanyeni hivi. Mkialikwa, nendeni mkitaka, mle chakula. Lakini kabla hamjatoka nyumbani mpatane kwamba siku hiyo hamtatia sahihi yoyote, hata bei ishuke hadi nusu. Mkiwa mmepatana hivyo, hakuna anayemwaibisha mwenzake, maana jibu lilikwisha kutolewa jikoni kwenu. Ombeni mkataba mwende nao nyumbani kwa wakili. Wakikataa kuwapa karatasi mwende nayo, mmeshajibiwa. Tena msiweke rehani shamba au nyumba ya familia ili kupata malipo ya kwanza. Sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya wote wawili, na nimekwisha kusema ridhaa ni nini.

Jioni moja watoto wakiwa wamelala, kila mmoja achukue kipande chake cha karatasi na kuandika, bila kuchungulia cha mwenzake, mambo mawili: je, nataka mapumziko, na je, nataka mahali pale? Kisha mbadilishane. Huenda mkagundua kwamba mke anataka siku tatu tu bila kupika, mahali popote, na mume anataka kulala usingizi bila simu ya kazini. Vitu hivyo haviuzwi kwa zamu. Anzeni hata na Jumamosi moja: shukeni kwa barabara ya zamani ya bondeni, mpumzike kwenye kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, mfike Longonot, mrudi.

Na waliokwisha kutia sahihi? Msigombane kwanza, angalieni tarehe. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja mikataba ya zamu kwa jina, nayo inampa mnunuzi siku 10 tangu apokee nakala ya mkataba kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Andikeni barua, mtie sahihi wote wawili, muipeleke kwa mkono na mhifadhi nakala yenye mhuri wa waliopokea. Kama siku 10 zimepita, mwoneni wakili kabla ya kulipa awamu nyingine, na mwende kwake pamoja.