Mfalme Kitandani

Wako wasomao habari za Louis wa 15, Mfalme wa Ufaransa, wakayashika majina ya vimada vyake tu: Madame de Châteauroux, Madame de Pompadour, Madame du Barry. Husema wanawake hao ndio walioiharibu enzi yake. Sisi twaona neno hilo ni jepesi mno. Ufunguo wa mlango alikuwa nao mfalme.

Agosti 1744, akiwa vitani, mfalme aliugua mjini Metz hata akakaribia kufa. Akataka Sakramenti za mwisho. Fitz-James, Askofu wa Soissons, hakuliogopa taji: alikataa kumpa maadamu Madame de Châteauroux yupo. Basi mwanamke huyo akaondoshwa, akitukanwa na watu njiani. Mfalme akatangaza toba yake hadharani, na Malkia Marie Leszczyńska akaja upesi kwa mumewe. Alipopona, Ufaransa nzima ilishangilia, ikamwita Mpendwa.

Lakini toba ile iliondoka pamoja na homa. Kabla mwaka haujaisha, mfalme alimrudia kimada wake, na Askofu akaamriwa kukaa mbali, jimboni mwake. Twamsifu Askofu kwa kutoiuza Sakramenti. Matusi ya njiani, hayo hatuyasifu: mwanamke alitwishwa aibu ya watu wawili, na mwanamume akahurumiwa kwa kuwa ni mgonjwa na ni mfalme. Je, vijijini mwetu si vivyo hivyo?

Mwaka 1745 akaja Madame de Pompadour, akakaa hata kufa kwake mwaka 1764, akiwainua mawaziri na kuwaangusha. Huyu naye alipotaka kurudia Sakramenti, padre Mjesuiti alimdai kwanza arudiane na mumewe. Mume hakukubali. Mfalme mwenyewe alikuwa ameacha Komunyo ya Pasaka tangu 1739: dhambi hakutaka kuiacha, wala hakuthubutu kumpokea Bwana akiwa nayo. Imani alikuwa nayo, ninyi akina baba msimamao nyuma ya kanisa mwaka hata mwaka. Alichokosa ni kusema neno moja nyumbani mwake.

Alilisema akiwa na miaka 64. Mei 1774 alishikwa na ndui, naye, akiikumbuka Metz, alimwaga Madame du Barry mwenyewe, akaungama, akapokea Komunyo. Binti zake Adélaïde, Victoire na Sophie, ambao hawakuwa wameugua ndui kamwe, hawakutoka kando ya kitanda. Wote watatu waliambukizwa, wakapona. Yeye alikufa tarehe 10. Kwa hofu ya ugonjwa mwili wake ulipelekwa usiku, kwa haraka, hata Saint-Denis, penye makaburi ya wafalme. Katika mji huo huo, binti yake mwingine, Louise, alikuwa mtawa wa Karmeli tangu 1770. Aliingia humo ili amwombee babaye.