Kiti Si Medali

Kuna hoja moja ambayo huku Eastlands haina mpinzani. Itoe maskani yoyote, Jericho, Ziwani, Kaloleni ama Umoja, na watu wataitikia kama wako kanisani: mpira uachiwe watu waliocheza mpira. Wenye suti wametuharibia, sasa waje wenye viatu.

Mimi ningependa sana hoja hii iwe kweli. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na tangu hapo naishi kwa kuandika huku na huku. Mtu akiniuliza nilisomea wapi, namwonyesha kazi. Kwa hivyo anayesema kwamba aliyefanya kitu ndiye anayekijua, wala si aliyepewa karatasi, anasema maneno yangu. Lakini hoja inayokufaa sana wewe mwenyewe ndiyo unapaswa kuipima mara mbili, uone kama ina uzito ama ina utamu tu.

Tuanze na mtoto wa nyumbani. McDonald Mariga alilelewa Muthurwa na kusoma Kamukunji, mwendo wa mguu kutoka Gikomba. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Tarehe 22 Mei 2010 pale Madrid, Inter Milan ilipoichapa Bayern Munich 2-0 na kubeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Mariga alikuwa kwenye benchi ya Inter. Hakuingia uwanjani, lakini alikuwa mle ndani, na hakuna Mkenya aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Baada ya kutundika daluga akaingia siasa. Novemba 2019 aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akapata kura 11,230 na kushindwa na Imran Okoth wa ODM aliyepata 24,636. Halafu Desemba 2024 Hussein Mohammed akachaguliwa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, na Mariga akiwa naibu wake. Mtaani ilikuwa shangwe. Hatimaye, mtu wetu yuko ndani.

Na kama kuna mtu mwenye sababu ya kujua kwa nini ofisi ya mpira ni muhimu, ni yeye. Miezi michache kabla ya ile fainali ya Madrid, Mariga alikuwa karibu kabisa kuingia Manchester City. Dili likafia kwenye kibali cha kazi. Waingereza walitaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe wa nchi iliyo ndani ya sabini bora za FIFA, na Kenya ilikuwa mbali chini. Hebu fikiria hiyo. Kijana amejituma kutoka vumbi la Muthurwa mpaka Italia, miguu yake imetosha, mapafu yametosha, ila kinachomwangusha ni hali ya timu ya taifa lake. Mpira mbovu wa nchi unaweza kukufuata mpaka Uingereza na kukufungia mlango. Kwa hivyo tunapouliza nani akalie kile kiti, hatupigi porojo za mashabiki. Tunazungumzia maisha ya vijana ambao sahii wako uwanjani.

Sasa, hoja yenyewe. Inasema kwamba aliyecheza anajua uchungu. Anajua kucheza miezi bila mshahara, anajua kuumia goti na kuachwa ujitibu, anajua refa aliyenunuliwa. Akifika juu atawakumbuka walio chini.

Si lazima. Kila mtu anayepanda matatu za Jogoo Road anajua hadithi ya makanga aliyenunua gari lake. Miaka kumi amening'inia mlangoni, amekimbizwa na kanjo, amelala na njaa kwa sababu hesabu ya mwenye gari haikutimia. Siku anapokuwa mwenye gari, wakati mwingine ndiye anayebana makanga wake kuliko tajiri ambaye hajawahi kushika mlango. Anawajua ujanja wao wote. Wakilalamika ana jibu tayari: hata mimi nilipitia. Mateso yanaweza kukulainisha, yanaweza pia kukufundisha kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo na hakuna haja ya kuibadilisha. Kuteseka kunakupa habari. Utaitumiaje hiyo habari, hilo ni swali lingine, na jibu lake haliko kwenye video zako za zamani.

Kuna hoja ya pili, ambayo haisemwi sana lakini nadhani ndiyo yenye nguvu. Ni hoja ya deni.

Joe Kadenge alikuwa mshambuliaji mkubwa kuliko wote wa enzi zake. Hata ambaye hajawahi kuona picha yake akicheza anajua maneno "Kadenge na mpira" ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Baadaye alikuwa kocha, na mwaka 2002 alipewa Harambee Stars. Alifariki Julai 2019, na City Stadium pale Jogoo Road ikapewa jina lake. Ni heshima nzuri. Lakini tuseme ukweli: nchi hii imezoea kuwaheshimu wachezaji wakiwa marehemu na kuwachangia wakiwa wagonjwa. Katikati hapo, kati ya shangwe na hospitali, huwa hatuko. Mashujaa wetu wa mpira wamezeeka wakitegemea harambee za marafiki, na sisi tunajua.

Kwa sababu tunajua, tuna aibu. Na aibu hiyo tunaitafutia malipo ya bei rahisi. Mchezaji wa zamani akitaka kiti, tunaona tumepata nafasi ya kumlipa. Mpeni, alitufurahisha. Mpeni, alipeperusha bendera. Hapo ndipo tunapokosea, manake kiti si chetu kukigawa kama zawadi. Deni la mchezaji hulipwa kwa mshahara wake kufika kwa wakati, kwa bima yake na kwa pensheni yake. Ukimlipa kwa uongozi, umelipa deni la jana kwa pesa ya mtoto wa kesho. Huyo mtoto anayecheza leo Camp Toyoyo hakumkopa Kadenge kitu chochote.

Kwa nini basi tunachanganyikiwa hivi kwa viongozi, na hatuchanganyikiwi kwa makocha? Mtazame Benni McCarthy. Alikuwa straika, tena wa kutisha, na alibeba Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka 2004. Machi 2025 akawa kocha wa Harambee Stars. Agosti mwaka huo, kwenye CHAN tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda, vijana wake waliifunga Morocco 1-0 pale Kasarani na Nairobi ikakesha. Halafu Madagascar wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali, na kabla taa za uwanja hazijazimwa watu walikuwa wanauliza kwa nini alimweka fulani na kumtoa fulani. Hakuna aliyesema mwacheni, ana medali ya Porto. Medali ilimfungulia mlango, ikabaki mlangoni. Ndani alihukumiwa kwa dakika tisini, kama kocha yeyote.

Hiyo ndiyo tofauti. Uwanjani kuna ubao wa matokeo. Straika anaonekana, kocha anaonekana. Ofisini hakuna ubao. Kiongozi wa mpira akifanya kazi nzuri huoni kitu: ligi imeanza tarehe iliyopangwa, marefa wamelipwa, timu ya wasichana imepata basi, hesabu zimekaguliwa. Ni kama mtaro wa maji taka hapa Umoja. Ukifanya kazi, hakuna anayeusifu. Ukiziba, plot nzima inajua. Basi kwa kuwa hatuoni mchezo anaoucheza sasa, tunamhukumu kwa mchezo aliocheza zamani. Tunahesabu magoli ya kiatu kana kwamba ni magoli ya kalamu.

Zambia wanalijua hili. Kalusha Bwalya aliifunga Italia mabao matatu kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na kuwa Mchezaji Bora wa Afrika. Mwaka 1993 ndege ya timu ya taifa ilipoanguka baharini karibu na Libreville, yeye hakuwemo kwa sababu alikuwa anacheza Uholanzi na alipaswa kusafiri peke yake. Akabaki kuijenga timu upya. Akawa kocha, akajiuzulu baada ya Kombe la Afrika la 2006. Akawa rais wa chama cha soka mwaka 2008, na Februari 2012 Zambia ikashinda Kombe la Afrika mjini Libreville, karibu na maji yale yale yaliyowameza wenzake. Ungeandika filamu hivyo, watu wangesema umezidisha. Lakini filamu haikuishia hapo. Mwaka 2016 alishindwa uchaguzi, na mwaka 2018 kamati ya maadili ya FIFA ikamfungia miaka miwili kwa mambo ya fedha alizopokea, adhabu ambayo baadaye rufani iliipunguza. Mtu ni yule yule. Ile free-kick yake haikupungua uzuri. Ila kile kiti kilimuuliza maswali ambayo uwanja haukuwahi kumuuliza.

Na usidhani kumtafuta aliyecheza kunamaliza ubishi. Bulgaria kwa miaka mingi waliongozwa na Borislav Mihaylov, golikipa na nahodha wa kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1994. Hakuna mwenye viatu vizito kuliko hivyo. Mwishowe mashabiki wenyewe walijaa mitaani Sofia kumtaka aondoke, na akaondoka. Uchaguzi wa Machi 2024 ukawa kati ya watu waliocheza: Dimitar Berbatov, yule wa Manchester United, akashindwa na Georgi Ivanov, straika wa zamani wa Levski Sofia aliyewahi pia kuifundisha timu hiyo. Wote wamecheza. Sasa utachagua kwa kigezo gani? Kwa wingi wa magoli? Pale ndipo unagundua kwamba kigezo chako hakikuwa kigezo, kilikuwa mapenzi.

Najua jibu litakalokuja: na hao wenye suti je? Ni kweli. Historia yao ni mbovu. Kenya ilinyang'anywa Kombe la Afrika la 1996, likaenda Afrika Kusini. Ikanyang'anywa CHAN ya 2018, ikaenda Morocco. Mwaka 2022 tulifungiwa na FIFA baada ya serikali kuivunja FKF na kuweka kamati yake, na kwa miezi kadhaa nchi nzima haikuwa na timu ya kutazama. Huo wote haukuwa ushahidi kwamba suti ni mbaya na viatu ni vizuri. Ulikuwa ushahidi kwamba mtu yeyote anayekaa mahali pasipo na ubao wa matokeo atajiandikia matokeo anayotaka.

Kwa hivyo kazi yetu ni kuweka ubao. Haihitaji digrii, hilo nina uhakika nalo. FKF Nairobi ina matawi mawili, Mashariki na Magharibi, na wengi wanaopiga kura ya kuchagua rais ni wakuu wa matawi na vilabu. Ni watu wachache, hawawezi kujaza hata upande mmoja wa Camp Toyoyo. Ni majirani zetu. Tunawaona Ziwani kwenye Koth Biro kila mwisho wa mwaka, wamekaa viti vya mbele. Mwenyekiti wa tawi anaweza kuulizwa kwa majina: pesa za ligi ya kaunti zilikuwa ngapi, zilienda wapi, ulimpigia nani kura na kwa nini. Refa anaweza kuulizwa alilipwa lini. Mchezaji anaweza kuulizwa, na akihakikishiwa hatafukuzwa timu, atasema.

Simhukumu Mariga. Alichaguliwa kwa miaka minne, na miaka minne ni mechi ndefu. Kusema kweli namtakia mema, kwa sababu akifaulu, hoja ya maskani itakuwa imepata mfano mmoja wa kweli. Lakini shukrani yangu kwake kwa usiku ule wa Madrid nimeshaitoa. Niliitoa pamoja na nchi nzima, kwa kelele, bila masharti. Sina nyingine ya kumpa ili nimlindie kiti.

Uchaguzi ujao ukifika, mgombea atakuja na picha zake za zamani, jezi namba tisa, nywele bado nyeusi. Tutapiga makofi, na ni haki yake. Halafu mtu mmoja kule nyuma ainue mkono amuulize: timu ya vijana wa chini ya miaka 17 ya tawi lako, msimu uliopita, ilicheza mechi ngapi?