Sauti ya Mpingo ni Mali ya Nani?

Apitaye Mwenge, wilayani Kinondoni, huwakuta mafundi wakichonga vinyago vya mpingo, na vumbi jeusi limetapakaa miguuni pao. Mti wa namna hiyo hiyo, uliokua Kilwa kwa miaka 70 au zaidi, husafirishwa hadi Ulaya ukafanywa klarineti. Nasi hujisifu kwamba sauti ile ni yetu. Je, majisifu hayo ni ya haki?

Tuzilinganishe klarineti mbili za wapigaji stadi. Ile ya Kifaransa, ambayo mpango wa matundu yake ulibuniwa na Klosé na Buffet kati ya 1839 na 1843, ni nyepesi kwa vidole, na sauti yake yang'aa. Ile ya Kijerumani, iliyokamilishwa na Oskar Oehler wa Berlin, ina mdomo mwembamba zaidi, na utete wake aghalabu hufungwa kwa uzi. Sauti yake ni nzito, yenye kiza. Zote mbili ni mpingo. Kama mti ndio usemao, mbona husema kwa ndimi mbili?

Kitetemacho ni hewa iliyomo ndani. Upana wa uwazi ule, mahali pa kila tundu, pamoja na utete na mdomo, ndivyo viamuavyo sauti. Sifa ya mpingo ni nyingine: ni mzito hata huzama majini, haunywi upesi unyevu wa pumzi, na hukubali kutobolewa kwa kipimo kisichopotoka. Mti hauimbi, hutunza kwa uaminifu kile alichokusudia fundi.

Yuko atakayesema kuwa pasipo mti hapana klarineti. Ni kweli, lakini hoja hiyo yatuhukumu. Tangu miaka ya 1990, kiwanda cha Buffet Crampon cha Ufaransa huunda klarineti nyingine kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni. Vumbi tulifagialo sisi, wenzetu wamelipa sauti.

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Aliyepewa mti amepewa amana, hajapewa sifa. Vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa, vilivyopata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha utunzaji wa msitu, vilitimiza nusu ya kwanza ya amana hiyo. Nusu ya pili yatungoja sisi, walimu na wanafunzi: kujifunza kupima, kutoboa na kupuliza, kama wazee wa pwani walivyofanya kwa zumari. Hapo tukisema sauti hii ni yetu, hatutakuwa tumejisifu. Tutakuwa tumesema kweli.